Kete ya Mfukoni: Kuhusu Namna Tunavyomaliza Hadithi Zetu

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu miisho ya hadithi, na nimeyaandika kwa sababu nina deni. Mwaka 2024 niliharibu hadithi ya mwenzangu. Sikuiharibu kwa kalamu nyekundu. Niliiharibu kwa kusifu pasipostahili sifa na kukemea pasipostahili kukemewa. Nitaeleza yote, ila kwanza twende kijiweni.

Pale Ujiji, chini ya mwembe mmoja ambao hauna historia yoyote (ule wenye historia una uzio na kiingilio), kuna kijiwe cha drafti. Ubao ni wa mbao, umechorwa kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka mtumbwi. Kete ni vizibo vya soda: upande mmoja wanacheza vilivyolala kifudifudi, upande wa pili vilivyolala chali. Anayetawala pale ni mzee mmoja, zamani alikuwa mvuvi wa dagaa, na sisi wote tunamwita Babu. Siku hiyo Babu alikuwa amebaki na kingi mmoja tu. Mpinzani wake, kijana wa bodaboda, alikuwa na kingi watatu, na alikuwa ameshaanza kuchekelea na kuagiza kahawa kwa hesabu ya Babu.

Nikamwambia, "Babu, shikamoo. Hapa si kubali tu yaishe?"

"Marahaba bwana mdogo. We unahesabu kete. Hesabu njia."

Kisha akamsogeza kingi wake hadi kwenye ile njia ndefu inayokata ubao kutoka pembe hadi pembe. Anayejua drafti yetu, ambayo kingi anatembea mbali, anajua maana yake. Kingi mmoja aliyekaa kwenye njia ile hakamatwi na watatu wakicheza mpaka adhana ya alasiri. Kijana akazunguka, akatega, akatoa kafara, wapi! Mwisho akaweka mikono kichwani akasema ni sare. Kahawa kila mtu akajilipia yake.

Sasa nitaje dhambi yangu. Sisi vijana tunaoandika huku Kigoma tuna kikao cha Jumamosi. Tunasomeana hadithi, tunakosoana, tunanunua karanga. Mwenzetu mmoja alileta hadithi ya mvuvi wa Kibirizi. Ilianza siku ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, tarehe 15 Mei 2024, na ikaisha lilipofunguliwa tarehe 15 Agosti. Miezi 3. Mvuvi ana mkopo wa injini ya mtumbwi. Anauza injini kwa hasara, kisha mtumbwi, kisha baiskeli. Lakini wavu mmoja anakataa kuuuza. Kila jioni anakaa nao mlangoni anaushona, mke anamsema, jirani anamcheka. Siku ziwa linafunguliwa hana chombo. Anakwenda ufukweni na wavu wake begani, na mwenye mtumbwi ambaye nyavu zake zimeoza stoo kwa miezi mitatu anamwambia panda, tutagawana. Hapo hadithi ikaisha.

Ilikuwa hadithi nzuri. Sisi tukasemaje? Mimi ndiye niliyeanza. Nilisema, "Mshikaji, mwisho umepoa. Msomaji amesota na huyu jamaa kurasa kumi na mbili, halafu unampa nafasi kwenye mtumbwi wa mtu? Mpe ushindi bwana!" Wengine wakaunga mkono. Juma lililofuata akaleta mwisho mpya. Kaka yake mvuvi, ambaye hakutajwa hata mara moja, anashuka kwenye treni kutoka Dar na bahasha ya fedha. Injini mpya, mtumbwi mpya, pilau. Tukapiga makofi. Mwandishi mwenyewe hakupiga. Alikunja karatasi zake, akaaga kwa adabu, na tangu siku hiyo hajarudi kikaoni.

Miezi ikapita. Siku moja nikamsimulia Babu hadithi ile, na mwisho wake wa pili, nikitarajia atafurahi. Akaniuliza, "Huyo kaka alikuwepo ubaoni toka mwanzo?"

"Hapana Babu, amekuja mwishoni."

"Basi hiyo kete mmeitoa mfukoni. Hapa kwetu mtu akifanya hivyo tunamnyanyua."

Ndugu msomaji, nimesoma vitabu kadhaa vinavyofundisha uhakiki, vyenye maneno mazito ya dhamira, muwala na taharuki. Sijakutana na neno lililonichoma kama hilo. Kete ya mfukoni. Na tangu nilipolisikia ninaliona kila mahali. Shujaa amefilisika, ghafla anashinda bahati nasibu. Binti ameonewa ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ghafla mwonevu anagongwa na lori. Kijana amefeli mtihani. Ghafla anatokea mzungu mwenye ufadhili. Mgonjwa amekata roho nusu; ghafla mganga kutoka Uvira anavuka ziwa na dawa. Neno "ghafla" ndilo mfuko wenyewe. Ukiliona katika kurasa tatu za mwisho, shika mkono wa mwandishi uangalie kuna nini ndani.

Wapo watakaosema mimi nataka hadithi za huzuni tu. La hasha! Mimi nataka ushindi. Aliyekuwa nyuma kushinda ndiyo habari tamu kuliko zote, na sisi wa huku mwisho wa reli tunaihitaji kuliko watu wengi. Ninachouliza ni kitu kimoja: ushindi huo umetengenezwa kwa kitu gani? Kwenye michezo ya ubao jibu lazima liwepo, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kulitoa. Kilichobaki ubaoni ndicho kilichobaki. Ndiyo maana naomba tutembee kidogo kwenye sataranji, mchezo wanaouita chesi, halafu tutarudi ziwani.

Mwaka 1895, katika mji wa Glasgow huko Uskoti, mwandishi mmoja wa safu ya sataranji gazetini, jina lake Barbier, alichapisha fumbo. Mweupe amebakiwa na mfalme na askari mmoja tu. Mweusi ana mfalme na ngome. Anayejua thamani ya vipande anajua ngome ni kitu kikubwa na askari ni kitu kidogo. Barbier alionyesha kwamba mchezo huo ni sare. Akatokea padre mmoja wa Kihispania aliyekuwa akiishi mjini hapo, Fernando Saavedra, mtu ambaye hakuwa bingwa wa chochote, akasema hapana, mweupe anashinda. Na alikuwa sahihi. Hadi leo jina lake linajulikana duniani kwa sababu ya hatua moja.

Uliye na ubao, panga hivi. Mweupe: mfalme b6, askari c6. Mweusi: mfalme a1, ngome d5. Zamu ni ya mweupe. Askari anasogea c7, bado hatua moja awe malkia. Ngome inampiga mfalme cheki kutoka d6. Mfalme anashuka b5. Cheki tena kutoka d5, anashuka b4. Cheki kutoka d4, anashuka b3. Cheki kutoka d3; sasa anaingia c2, na cheki zimekwisha. Unaona anavyoshuka ngazi? Hakimbii ovyo. Akikanyaga mraba mwingine njiani, ngome inamfunga askari au inamzunguka kwa nyuma na kumla.

Hapo mweusi anategesha mtego wake wa mwisho: ngome inakwenda d4. Mweupe, ambaye mate yanamtoka, anataka kumfanya askari wake malkia. Akifanya hivyo, ngome inajitupa c4 na kutoa cheki. Malkia hana budi kuila, na akishaila, mfalme mweusi pale a1 hana mraba hata mmoja wa kwenda, wala hajashambuliwa. Kwa sheria za sataranji hiyo ni sare. Hapo ndipo Barbier alipokomea. Saavedra yeye akasema: usimfanye malkia, mfanye ngome! Chukua kipande kidogo. Ngome mpya pale c8 inatishia kwenda a8 na kumaliza kazi. Mweusi hana njia ila kuziba kwa ngome yake a4. Mfalme mweupe anasogea b3, na kwa hatua hiyo moja anaishambulia ngome na wakati huohuo anatishia kumwua mfalme kwa ngome kushuka c1. Mambo mawili hayazuiliki kwa mkono mmoja. Kwisha habari.

Nililipanga fumbo hili kwenye ubao wa karatasi mara nyingi kabla halijanikaa, na kila mara nilimkumbuka mwenzangu na mvuvi wake. Sisi tulimlazimisha achukue malkia. Mtumbwi mpya, injini mpya, pilau! Na tulipoupata huyo malkia, hadithi ikakwama palepale, ikawa sare ya kukosa pa kwenda. Yeye mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, alikuwa ameshachagua ngome: nafasi kwenye mtumbwi wa mtu, kwa nguvu ya wavu aliokataa kuuuza. Wavu ule ulikuwa ubaoni tangu ukurasa wa pili. Alikuwa na askari wake, akamshusha hatua kwa hatua katikati ya kejeli za mke na jirani, akamfikisha. Mimi nikamwambia kamefika kadogo.

Twende sasa kwenye sinema, maana wengi wetu tumejifunza kumaliza hadithi vibandani kuliko vitabuni. Nitazitaja mbili tu, na zote mbili zina malkia katika jina lake.

Ya kwanza ni Queen of Katwe, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair. Inasimulia maisha ya Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, msichana aliyekuwa akichuuza mahindi, akafundishwa sataranji na Robert Katende, akafika hadi kuiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya sataranji iliyofanyika Urusi mwaka 2010. Lupita Nyong'o ndiye mama, David Oyelowo ndiye mwalimu, na Madina Nalwanga ndiye Phiona. Nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza nililia, sioni haya kusema. Mara ya pili nilianza kuuliza maswali. Mara ya tatu nilikuwa nimeshasikia neno la Babu.

Sifa zake kwanza. Sinema ile inamwacha shujaa wake ashindwe, tena ashindwe vibaya, mbele ya dunia, baada ya watu wa mtaani kumshangilia. Waongozaji wengi wangeogopa. Halafu mama yake, muuza mboga asiyejua sataranji, anacheza mchezo wake mwenyewe wa mwisho: kodi, mafuriko, mtoto aliyegongwa, binti mkubwa aliyeondoka nyumbani. Yule mama hana kete ya mfukoni hata moja. Kila anachokipata tumeona alivyokilipia. Kwangu mimi ndiye mshindi halisi wa sinema ile.

Kasoro yake iko kwenye ubao. Mapema kabisa mtoto mdogo anamweleza Phiona kwamba katika mchezo huu kidogo kinaweza kugeuka kuwa kikubwa. Wazo zuri, na ni kweli. Lakini ikifika michezo mikubwa, kamera inatazama nyuso zaidi ya mbao. Tunaona jicho, jasho, mpinzani akikunja uso, kisha mikono inapeana salamu. Mtu anayesoma sinema hiyo kwa makini anatoka akiamini kwamba Phiona alishinda kwa sababu alikuwa maskini mwenye moyo. Moyo tunao wote bwana! Kijana wa bodaboda ana moyo. Phiona alishinda kwa sababu aliona hatua ambazo mwenzake hakuziona, na kipaji hicho cha kuona ndicho sinema ilichokitaja sana na kukionyesha kidogo. Imetuambia malkia amepatikana, lakini safari ya askari kupanda ubao imetupitia kasi.

Ya pili inatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa riwaya inayoitwa The African Queen. Mwaka 1951 John Huston akaifanya sinema, akiwaweka Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Wakati ni wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume mlevi na mwanamke wa misheni, ndani ya kiboti kibovu, wanashuka mto ili wakaizamishe meli kubwa ya Wajerumani ziwani. Ziwa limepewa jina la kubuni, lakini mtu wa huku hahitaji kuambiwa ni ziwa gani. Wanatengeneza makombora yao wenyewe kwa mitungi ya gesi. Wanayafunga kwenye boti. Dhoruba inawapindua kabla hawajafika.

Hapo riwaya na sinema zinaachana. Katika riwaya, wale wawili hawaizamishi meli. Wanatekwa, Wajerumani wanawakabidhi kwa Waingereza kwa bendera ya amani, na boti za Waingereza ndizo zinazokuja kuimaliza meli ile. Katika sinema, wako kwenye meli ya Wajerumani wakisubiri kunyongwa, na meli hiyohiyo inakuja kugonga mabaki ya kiboti chao yanayoelea na makombora yake. Inalipuka.

Je, ni kete ya mfukoni? Nimegombana nafsi yangu juu ya hili. Makombora yale tuliyaona yakitengenezwa, tuliona mikono, tuliona hofu ya kuyafunga. Askari alikuwepo ubaoni. Lakini aliyemsogeza hatua ya mwisho ni maji. Nasema sinema imeshinda nusu kwa jasho na nusu kwa bahati, na kwa kuwa jasho lilitangulia, naisamehe. Riwaya imesema kweli zaidi kuhusu vita, lakini imewapa wengine ushindi wa wale wawili, na msomaji anafunga kitabu mkono mtupu. Mwandishi chipukizi, chagua unalolitaka, lakini ujue bei yake.

Ila kuna mwisho wa tatu, nao haukuandikwa na mtu wa sinema. Uliandikwa hapahapa Kigoma.

Meli halisi iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Waingereza walikuja na boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakazivusha nchi kavu kupitia Kongo, na tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha ya pili, Hedwig von Wissmann. Ikabaki Götzen peke yake. Na hapo iko siri: mzinga wake mkubwa ulishaondolewa kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu, mahali pake ukawekwa wa mbao. Na kwa mzinga huo wa mbao ilikaa Kigoma, na mkuu wa boti za Waingereza hakuthubutu kuishambulia. Babu angeelewa. Ilikuwa kingi mmoja kwenye njia ndefu.

Lakini reli ilikuwa inakaribia kukatwa na maadui wanaingia. Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe, tarehe 26 Julai 1916. Sasa sikiliza, wewe unayetaka kuandika. Wahandisi waliopewa kazi hiyo waliipaka mitambo mafuta mazito ya kulainishia, kila mahali, kwa uangalifu, ndipo wakaizamisha. Adui yuko mlangoni, meli imekufa, mtu anapaka mafuta! Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, wakakuta mitambo inafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikabeba abiria na dagaa na mahindi kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, kwa miongo mingi. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama katika kijiji cha Kagunga, Liemba ndiyo iliyowavusha hadi Kigoma, miaka 99 baada ya kuzamishwa.

Wahandisi wale walishindwa vita. Wala mafuta yao hayakuwasaidia wao. Yaliwasaidia maadui zao, kisha sisi. Lakini ndiyo maana halisi ya mchezo wa mwisho: kilichofanywa kwa uangalifu wakati wa kushindwa ndicho kinachoibuka baadaye. Laiti Forester angeujua mwisho huo na kuutumia! Hauna mlipuko. Una mtu mwenye kopo la grisi.

Kwa hiyo ninaposoma hadithi sasa, nina maswali matatu ya kuuliza, na nayatoa bure kwa kikao chochote cha vijana.

Swali la kwanza, askari wako ni nani na tulimwona lini? Kama kinachomwokoa shujaa kimezaliwa ukurasa wa mwisho, rudi nyuma ukizae mapema, au kiache.

Swali la pili, hatua zako zinafanya kazi ngapi? Mwaka 1921 Richard Réti alitunga fumbo ambalo mfalme mweupe yuko mbali na askari wa adui, na mbali vilevile na askari wake mwenyewe. Akimkimbiza mmoja, anachelewa. Akimwendea mwingine, anachelewa. Basi anatembea kwa mshazari, na kila hatua inamsogeza kwa wote wawili, hadi adui anashindwa kuzuia mambo yote na mchezo unakuwa sare. Sentensi ya mwandishi mnyonge, asiye na kurasa mia tatu wala mchapishaji mkubwa, lazima itembee kwa mshazari. Mvuvi kushona wavu mlangoni ni hatua ya namna hiyo: inaonyesha ndoa yake inavyoyumba, na wakati huohuo inatayarisha mwisho.

Swali la tatu, mali yako iko mstari gani? Hili nimelipata kwenye bao. Anayecheza bao la Kiswahili anajua: kete 64, mashimo 32, kila mtu mistari miwili. Ukimaliza kete za mstari wa mbele umefungwa, hata kama mstari wa nyuma umejaza kama ghala la mahindi. Hadithi nyingi za vijana ni tajiri nyuma. Mwandishi anajua maisha yote ya shujaa wake, ukoo, ndoto, kidonda. Lakini mbele, kwenye matendo na maneno tunayoyaona, hakuna kitu. Inapofika zamu ya mwisho hana cha kucheza, ndipo mkono unaingia mfukoni.

Kuna pingamizi moja ambalo silikimbii. Rafiki yangu mmoja anayesoma sana aliniambia, "Wewe unazungumzia michezo. Maisha hayana sheria. Watu wanakufa bila kupata hata sare. Na bahati ipo, mbona? Mjomba wangu kweli alishuka na treni akiwa na bahasha." Ni kweli. Kezilahabi katika Rosa Mistika, mwaka 1971, hakumpa Rosa ushindi, alimwacha ajiue. Na hadithi ile imekaa miaka yote hii kwa sababu kila hatua ya kuanguka kwake tuliiona: ukali wa baba, uhuru wa ghafla usiokuwa na mafunzo, mlango mmoja baada ya mwingine kufungwa. Kushindwa nako kuna kete za mfukoni. Mwandishi anayeua shujaa kwa ajali ili watu walie ni ndugu wa yule anayemtajirisha kwa bahati nasibu. Kuhusu mjomba na bahasha yake, basi mwandike mjomba. Mweke kwenye treni tangu Morogoro. Tumwone akihesabu fedha zile chooni, akitaka kurudi nazo, akikumbuka kwa nini ameondoka nyumbani bila kuaga. Akishuka Kigoma tutakuwa tunamsubiri. Bahati iliyosubiriwa si kete ya mfukoni tena.

Nimalize na mwenzangu. Nilimfuata Kibirizi mwezi uliopita. Sikumkuta anaandika, nilimkuta ana kazi ya kupakia mizigo, mikono imechubuka. Nikampa pole, nikamwomba radhi. Nikamsimulia padre wa Glasgow na ngome yake, nikamsimulia kopo la grisi. Alicheka kwenye grisi. Nikamwuliza kama ule mwisho wa kwanza bado anao.

Akasema, "Ule wa pili niliuchoma. Wa kwanza upo."

"Utauleta Jumamosi?"

"Nitaona."

Sijui kama ataonekana. Ndugu msomaji, ningeweza kukuandikia hapa kwamba Jumamosi mlango ulifunguliwa na akaingia huku sote tumesimama tunapiga makofi. Umeshanielewa kwa nini siandiki hivyo. Nilichonacho ubaoni ni kwamba hadithi ipo, haijachomwa, na kiti chake tumekiacha wazi. Mwenye hadithi kama hiyo huko uliko, ailete. Safari hii tutasoma na wavu.